Bei ya Mtumba: Mahali pa Kununua, Wakati wa Kununua na Namna ya Kukagua

Mitumba ni nguo, viatu, mikoba, mashuka, mapazia na vitu vingine vilivyokwisha kutumika nchi za mbali, vikafungwa kwenye mabelo na kuletwa kuuzwa upya. Kenya peke yake iliingiza tani zipatazo 185,000 za nguo za namna hiyo mwaka 2019. Sweta la mtoto wa shule ya Njombe, suti ya kwanza ya kijana anayekwenda kwenye usaili wa kazi Nairobi na shuka la mgonjwa aliyelazwa hospitali ya wilaya, mara nyingi vyote vimetoka huko.

Wanunuzi wengi huamini kwamba kupata nguo nzuri kwa bei chee ni suala la bahati, au la ulimi wa kuomba upunguziwe. Bahati ipo, na ulimi unasaidia. Lakini bei ya mtumba ina kanuni yake. Nguo ile ile moja huwa na bei tofauti kulingana na hatua iliyofikia katika safari yake, na kulingana na nani amekubali kubeba hasara katika hatua hiyo. Anayekubali kubeba hasara hupunguziwa. Asiyetaka kuibeba humlipa mwingine aibebe kwa niaba yake. Mwenye kuijua kanuni hii hununua vizuri katika soko la Karume jijini Dar es Salaam, Toi jijini Nairobi, Kongowea jijini Mombasa au kwenye kioo cha simu yake.

Safari ya belo

Nguo nyingi huanza safari zikiwa sadaka. Marekani, Mchungaji Edgar Helms wa Kanisa la Methodisti alianzisha Goodwill mjini Boston mwaka 1902. Alikusanya nguo na vyombo kutoka nyumba za wenye uwezo, akawaajiri maskini wavitengeneze, kisha vikauzwa. Uingereza, shirika la Oxfam lilifungua duka lake la kudumu katika mtaa wa Broad Street, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo maduka ya aina hiyo ni maelfu, na Waswahili wanaoishi Leicester au Minneapolis wanayajua vizuri, maana ndiko wengi wao walikopata koti zito la msimu wao wa kwanza wa theluji. Hata hivyo maduka hayo hupokea nguo nyingi kuliko yanavyoweza kuuza. Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa kampuni za uchambuzi, na kuanzia hapo sadaka inakuwa bidhaa.

Uchambuzi hufanyika Ulaya na Canada, na pia Sharjah katika Falme za Kiarabu, Kandla nchini India na Karachi nchini Pakistan. Wafanyakazi hutenganisha nguo kwa jinsia, umri, kitambaa, msimu na gredi. Kisha mashine huzibana na kuzifunga. Belo la kawaida sokoni kwetu lina uzito wa kilo 45, ingawa yapo mepesi na mazito zaidi, na juu yake huandikwa kilichomo: mashati ya kiume ya pamba, magauni ya kike, nguo za watoto, mashuka, au mchanganyiko.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila mnunuzi wa mwisho anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata. Muuzaji wa rejareja hununua belo likiwa limefungwa, na halifungui kabla ya kulipa. Anasoma lebo, anauliza limetoka nchi gani na limefungwa na kampuni gani, anachungulia rangi zinazoonekana kupitia plastiki, anatoa fedha. Akishakata kamba ndipo ajue kama amepata au amepatikana. Likitoka na nguo zilizochanika, zenye madoa ya rangi ya ukutani, au makoti mazito yaliyoletwa mji wa joto, hakuna mahali pa kulirudisha.

Bei huanza kupanda bandarini. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza mitumba asilimia 35 ya thamani au kiwango maalumu kwa kila kilo, na kinachozidi ndicho hulipwa. Ushuru huu umekuwa na historia yenye mvutano. Tanzania ya miaka ya 1970 ilibana sana uagizaji, na nguo zilizotumika, ambazo wazee waliziita kafa Ulaya, zilikuwa haba. Mlango ulifunguka katikati ya miaka ya 1980, masharti yalipolegezwa na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate pumzi. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na nafuu za biashara ambazo Marekani ilizipa nchi za Afrika kupitia sheria ya AGOA zikawa fimbo. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Nchi kutaka viwanda vyake ni haki yake, na sijaona hoja nzuri ya kuipinga. Lakini ushuru wa kilo una kasoro kubwa. Kilo ya fulana za gredi ya tatu hulipiwa sawasawa na kilo ya blauzi za hariri. Mzigo mkubwa humwangukia anayenunua nguo ya chini kabisa, yaani mtu ambaye hana pengine pa kwenda.

Hesabu ya asubuhi

Tuseme muuzaji wa Ilala amenunua belo la mashati 200 kwa shilingi 600,000. Kila shati limemgharimu shilingi 3,000 kwa wastani, lakini hakuna shati la wastani ndani ya belo. Arobaini ni mazuri sana, na anayauza 8,000 kila moja: anapata 320,000. Mia moja ni ya kawaida, anayauza 4,000: anapata 400,000. Arobaini yana kasoro, anayamwaga chini kwa 1,500: anapata 60,000. Ishirini yaliyobaki hayauziki hata kwa bei ya kutupa. Jumla ni 780,000. Ndani ya ile 180,000 iliyozidi, atoe nauli ya mkokoteni au bodaboda, ushuru wa soko, chakula chake cha siku zote atakazokaa na belo hilo, mpiga pasi na fundi. Kilichobaki ndicho faida.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini utaona kwamba yale mashati arobaini ya kwanza ndiyo yanayorudisha zaidi ya nusu ya mtaji. Ndiyo maana belo likifunguliwa alfajiri huwa kuna watu wamelizunguka. Nairobi mali hiyo ya kwanza huitwa kamera, na wanaoigombania si wavaaji. Ni wenye maduka ya mitaani na wauzaji wa mtandaoni, wanaojua kwamba shati la 8,000 likifuliwa, likipigwa pasi na kutundikwa kwenye hanga litauzwa maradufu. Dar es Salaam kazi hiyo ya kuwahi na kuchagua huitwa kupointi, na wapo vijana ambao ndiyo ajira yao. Mwishoni kabisa hubaki fagia, rundo la mwisho linalouzwa kwa mafungu au kwa bei moja ya kupiga kelele.

Kwa hiyo swali la saa ngapi uende sokoni halina jibu moja. Wafanyabiashara husema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na msemo huo unamhusu mnunuzi pia. Asubuhi unakuta mali, lakini unakuta na washindani, na muuzaji hana haraka ya kupunguza. Isipokuwa wewe ukiwa mteja wa kwanza: wauzaji wengi hupenda kufunguliwa mauzo mapema, na neno la upole saa hiyo hushusha bei kuliko mabishano ya mchana. Jioni chaguo limepungua, lakini muuzaji anafikiria nauli na mzigo wa kurudisha stoo. Anayetafuta suti ya harusi aende asubuhi. Anayetafuta fulana za watoto za kuchezea aende saa kumi na moja.

Majira yana uzito kuliko saa. Makoti na masweta hupanda Juni na Julai, baridi inapoingia Nairobi, Arusha, Mbeya na Makete, na hushuka Januari na Februari. Mwisho wa mwezi mishahara huingia na bei hukaza. Katikati ya mwezi hulegea. Januari, ada za shule zikiwa zimekausha mifuko, mwenye akiba kidogo hupata vitu ambavyo Desemba asingeviweza.

Masoko nayo hayafanani. Gikomba ya Nairobi ni soko la jumla na rejareja kwa pamoja, kwa hiyo ukifika mapema unanunua karibu na chanzo. Toi, kando ya Kibera, imezoea wanunuzi wanaochagua kwa utulivu, na sehemu kubwa ya mali imeshachambuliwa. Karume ya Ilala inajulikana kwa minada, ambapo muuzaji husimama juu ya rundo, anainua nguo moja moja na kutaja bei, na mwenye jicho la haraka ndiye huondoka nayo. Moshi kuna Memorial, Kampala kuna Owino. Kanuni ni ile ile: kadiri mtu mwingine alivyokwisha kukuchambulia, ndivyo utakavyolipa zaidi.

Hasara nyingine ya muuzaji haionekani kwenye rundo. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliua watu 15 Gikomba. Tarehe 16 Januari 2022 soko la Karume liliteketea usiku. Mwenye meza ambaye mtaji wake wote ulikuwa ndani ya mabelo matatu huanza upya kwa mkopo, mara nyingi bila bima yoyote. Nayataja haya kwa sababu watu hubishania shilingi mia tano kana kwamba muuzaji aliokota nguo barabarani. Omba upunguziwe, ndiyo desturi ya soko na hata yeye anaitarajia. Lakini ukishaambiwa, “Dada yangu, hapo sipati kitu, mtaji tu huo,” na hesabu ya belo unaijua, mara nyingi utatambua kwamba anasema kweli.

Kukagua kwa macho na vidole

Ukaguzi mzuri hauchukui zaidi ya dakika moja kwa nguo, na huanza na mahali pa kuchakaa. Kwapani, kwenye kola na kwenye ncha za mikono ndiko jasho na msuguano hukaa. Suruali huchakaa kati ya mapaja na magotini. Inua nguo uielekeze kwenye jua: kitambaa kilichokonda kitaonyesha mwanga, na hicho hakitafika miezi sita. Fungua na funga zipu mara mbili. Hesabu vifungo. Geuza nguo ndani nje uangalie mshono na upindo. Upindo mpana maana yake fundi anaweza kuongeza urefu, na hilo kwa sare za watoto ni mali kubwa.

Kasoro si zote sawa, na hapa ndipo bei chee inapopatikana kihalali. Zipu mbovu, kifungo kilichopotea, mshono ulioachia na kiuno kilichozidi ni kazi ndogo kwa fundi cherehani. Doa la mafuta lililozeeka, rangi iliyochuja, kitambaa kilichotoka vinyweleo na harufu ya ukungu iliyoingia kwenye sufu havina dawa ya uhakika. Muuzaji mara nyingi hupunguza bei sawasawa kwa kasoro za aina zote mbili. Nunua zile za aina ya kwanza. Koti la sufu lisilo na vifungo ni ununuzi bora kuliko jipya la poliesta kwa bei hiyo hiyo.

Viatu vinahitaji ukali zaidi. Kunja soli: ikitoa nyufa, gundi imekauka, na kiatu kitaachia mvua ya kwanza. Angalia kisigino kimeliwa upande gani. Kilicholiwa sana upande mmoja kitaulazimisha mguu wako kukanyaga kama mwenye nacho wa kwanza.

Usitegemee namba ya saizi. Gauni la Uingereza lenye namba 12 hulingana na namba 8 ya Marekani na karibu 40 ya Ulaya, na nguo iliyofuliwa mara nyingi huwa imeruka. Pima nyumbani nguo yako inayokukaa vizuri, mabega, kifua, kiuno na urefu, uandike namba hizo kwenye simu, uende na kamba ya kupimia.

Nguo za ndani zilizotumika zisinunuliwe. Tanzania, Shirika la Viwango limepiga marufuku uingizaji wake, na sababu ya kiafya ni ya kweli. Nguo nyingine zote zifuliwe kabla ya kuvaliwa, kwa maji ya moto zinapovumilia, zianikwe juani na kupigwa pasi. Zisizovumilia moto, kama masweta ya sufu, zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja kabla ya kufuliwa: wadudu wa upele hawaishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu. Kofia ngumu ya pikipiki iliyotumika iache kabisa, kwa kuwa iliyokwisha kupata pigo moja inaweza kuonekana nzima huku ndani imeshavunjika.

Soko la kwenye simu

Mtandaoni mambo hugeuka. Sokoni unashika nguo bila kumjua muuzaji. Mtandaoni unamchunguza muuzaji kwa sababu nguo huwezi kuishika. Huku kwetu sehemu kubwa ya biashara hii hupita kwenye Instagram, WhatsApp na Facebook, na kwenye tovuti za matangazo kama Jiji na Kupatana. Ulaya, Vinted iliyoanzia Vilnius nchini Lithuania mwaka 2008 huwakutanisha wauzaji na wanunuzi, na fedha hushikiliwa hadi mzigo ufike. Kinga kama hiyo huku kwetu ni adimu, kwa hiyo mnunuzi ajijengee ya kwake.

Muuzaji makini hutaja bei hadharani, huandika vipimo kwa sentimita, huonyesha kasoro kwenye picha, na huacha maoni ya wateja wa zamani yaonekane. Anayejibu kila swali la bei kwa kukuita ujumbe wa faragha huenda si tapeli, ila anataka kwanza kukupima uwezo. Mwombe video fupi ya nguo yenyewe, ikiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako kando yake. Mwenye mali huichukua kwa dakika mbili; aliyeiba picha za mwingine hutoa visingizio.

Malipo ya simu, yaliyoanza na M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ndiyo yaliyoiwezesha biashara hii. Ndiyo pia njia ya utapeli. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Lisipolingana na la muuzaji, simama na uulize. Ukipokea ujumbe wa ghafla unaosema fedha uzitume kwenye namba nyingine, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa ukiitumia tangu mwanzo. Kenya, aliyekosea muamala wa M-Pesa hupeleka ujumbe wake kwa 456 kuomba urejeshwe, lakini fedha zikishatolewa kwa wakala urejeshaji huwa mgumu sana. Palipo na uwezekano, lipa mzigo ukiwa mkononi. Mzigo wa mkoani hutumwa kwa basi: dai picha ya risiti ya kampuni ya basi, namba ya gari na simu ya ofisi ya stendi kabla ya kumaliza deni.

Usafiri uhesabiwe mapema. Blauzi ya 5,000 yenye bodaboda ya 4,000 ni blauzi ya 9,000, na kwa 9,000 huenda ungepata mbili sokoni. Mtandaoni panafaa zaidi kwa vitu vyenye thamani kubwa na uzito mdogo, au kwa anayenunua vitu vinne kwa muuzaji mmoja na kulipa usafiri mara moja. Muuzaji wa mtandaoni ndiye aliyeamka usiku kuigombania kamera, akafua na akapiga pasi. Bei yake ya juu ina maelezo, na kwa mtu ambaye hana Jumamosi ya kwenda Gikomba ni bei ya haki.

Mtandaoni huuzwa pia simu zilizotumika, nazo zina sheria kali kuliko nguo. Piga *#06# uone namba ya IMEI, uilinganishe na ile ya kwenye boksi na risiti. Tanzania, namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 hurudisha jibu linalotaja aina ya simu. Jibu lisipolingana na simu uliyoshika, usitoe fedha. Hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa zamani imeondolewa mbele yako na simu imewashwa upya, vinginevyo utabaki na kioo kilichofungwa. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Andikianeni hati ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho na IMEI, ikiwezekana mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, kwa kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 322 cha ile ya Kenya. Simu isiyo na risiti wala hati, hata ikiuzwa kwa robo ya bei, mwachie aliyeileta.